Doa la Unyayoni

Fundi rangi wa zamani hapandi ngazi na viatu. Kiatu hakisikii. Kipago kikilegea, kiatu hakikwambii kitu, unyayo ndio unaokwambia. Kwa hiyo yule mzee waliyemwita Kiguu, akifika kazini, alikuwa anavua kandambili zake, anaziweka pembeni, anapanda peku, na huko juu anakaa mpaka ukuta ubadilike sura. Aliyesimama chini hakumwona uso. Alikuwa anaona nyayo tu, mbili, ngumu kama ngozi ya ngoma, zikisogea taratibu toka kipago hadi kipago.

Jina lenyewe, Kiguu, lilikuwa kifupi cha kiguu na njia. Wenzake walimpachika kwa sababu hakuwahi kukaa mji mmoja mpaka kuta alizopaka zikachujuka. Akimaliza jengo, anaosha brashi zake, anaziviringisha kwenye gazeti, kesho yake yuko kituo cha mabasi anauliza gari la wapi linatangulia kuondoka. Si kwamba alikuwa anakimbia mtu. Alikuwa mtu wa kuwashwa na miguu, basi.

Siku hiyo walikuwa wanapaka ukumbi mrefu wa nyumba ya wageni, Kiguu juu, na chini ameshika ngazi mwenzake wa siku nyingi, fundi mnene mwenye mdomo wa kukwaruza, ambaye kwa mdomo huo huo akaitwa Msasa.

"We bwana," Msasa akasema, "umekanyaga nini?"

"Nimekanyaga wapi?"

"Kisiginoni. Una rangi nyeusi, na humu tunapaka nyeupe. Ukiteremka hivyo utatuchorea sakafu ya watu."

"Aa, hiyo ya lile geti."

"Geti gani?"

"Si lile geti la karakana. Jeusi."

Msasa akapiga hesabu zake. "Geti lile tulilipaka kabla sijang'oa meno ya mbele. Sasa hivi nimeshazoea pengo mpaka napiga nalo mluzi. Rangi gani hiyo inakaa unyayoni muda wote huo, na wewe unatembea kuliko mbuzi wa sokoni?"

"Ngozi yangu inapenda kazi."

"Shuka nione."

"Shika ngazi, bwana, acha umbea."

Msasa hakuacha. Mchana walipopumzika kwenye kivuli cha ukuta, akaushika mguu wa mwenzake kwa nguvu kama anayemshika kuku, akamimina tina kwenye kitambaa, ile dawa kali ya kuondolea rangi ambayo ukiivuta puani machozi yanakutoka, akasugua. Kitambaa kikatoka kisafi. Doa likabaki pale pale, upande wa ndani wa kisigino cha kulia, kubwa kama kifuniko cha chupa ya soda.

"Hata mimi nimeshajaribu," Kiguu akasema. "Ni ya mafuta ile. Imeingia ndani."

Alikuwa amejaribu kweli, na zaidi ya tina. Fundi rangi anaamini kila doa lina kitu chake cha kulitolea, na kama hujakipata ni kwamba hujasugua sawasawa. Alianza na tina. Halafu wembe. Halafu kipande cha msasa laini, kile cha kumalizia milango. Palikuwa panatoa damu, panakauka, panachubuka tena. Na damu haikumshtua hata kidogo, kwa sababu alijua imetoka wapi: si mwenyewe amejikwaruza? Kila palipouma alikuwa na sababu yake mkononi. Hapo ndipo alipojipoteza.

Msasa akautua ule mguu chini kama kitu kinachoweza kuvunjika. Utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Kisichotoka kwa tina si rangi, ndugu yangu. Hiki ni mali yako mwenyewe. Kipeleke kwa wanaojua ngozi."

"Nitakwenda. Nikimaliza ukumbi huu."

Alipolitamka neno hilo akalisikia, kwa sababu halikuwa geni. Ndilo alilokuwa anamwambia mkewe.

Mke alikuwa naye. Hawakuachana kwa kadhi wala kwa mahakama. Waliachana kwa umbali. Mwanzoni alikuwa anarudi kila akimaliza kazi, halafu kila akimaliza kazi mbili, halafu simu zikaanza kurudi badala yake. "Nikimaliza jengo hili nakuja, mama watoto." Mama watoto alikuwa anajibu, "Haya." Hakuwahi kumgombeza. Angemgombeza pengine mzee angepata cha kushindana nacho. Binti yao alipoolewa, mama akafunga ile nyumba waliyopanga, akahamia kwa dada yake, nyumba ambayo Kiguu hakuwahi kuiona. Alikuwa anaijua kwa sauti tu: mlango wa bati, kuku, na redio ya dada mtu ambayo haizimwi.

Na katika yote aliyoyakosa, ajabu, hakuwa anakumbuka chakula wala kitanda sana. Alikuwa anakumbuka beseni. Akirudi safari, kabla hajaulizwa habari, mkewe alikuwa anamkalisha kwenye kigoda, anachemsha maji, anamtumbukiza miguu, anaichukua mmoja mmoja pajani na kuisugua kwa jiwe. Alikuwa anaisoma ile miguu. "Huku umepita kwenye saruji mbichi." "Hapa kokoto." "Hii nyekundu ya nani, umepaka kanisa?" Na yeye alikuwa anacheka, maana ukimgusa kwa ndani ya kisigino alikuwa hawezi kujizuia. Tangu hapo amelala miji mingi, ameoga kwa mabomba ya kila namna, lakini miguu yake haijashikwa na mtu. Mpaka Msasa, na kitambaa chake cha tina.

Ukumbi ukaisha. Ukafuata mwingine.

Katikati hapo alipita zahanati, tusimsingizie. Tabibu akaangalia, akampa dawa ya kupaka, akamwambia aache kabisa kukwaruza, na akamwambia maneno haya: "Mzee, kidonda kinachokataa kupona wiki baada ya wiki si cha kubembeleza. Hii ikiisha na hali ni hii hii, nenda hospitali kubwa, kwa daktari wa ngozi. Usirudi kwangu." Dawa ikaisha. Hali ikawa ile ile. Kiguu akajiambia kwamba angalau hakijazidi, na hata hilo halikuwa kweli.

Kilichomsukuma ni kipago. Asubuhi moja alikanyaga kwa kisigino kile, maumivu yakampanda mpaka gotini, mguu ukakataa. Hakuanguka, alidaka ukuta. Lakini ndoo ya rangi ilianguka, ikageuka njiani, ikammwagikia Msasa kichwani.

Msasa alisimama pale, mweupe toka utosi hadi tumboni, akifumbua jicho moja kwa uangalifu.

"Leo nimekuwa ukuta," akasema. "Njoo unipake mkono wa pili."

"Samahani, bwana wee. Mguu."

"Najua ni mguu. Sikiliza. Ama unakwenda hospitali leo, ama namtafuta huyo mkeo unayemtaja usingizini nikamshitakie. Chagua unaogopa nani."

Kiguu akaenda hospitali.

Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke wa makamo, sauti ya chini, mikono baridi. Alimlaza kitandani, akavuta taa, akachukua kioo cha kukuzia, akauchunguza ule unyayo kwa muda mrefu. Halafu akaangalia na ule mwingine. Akaangalia katikati ya vidole, kucha moja moja, viganja, akampapasa kinenani kutafuta tezi zilizovimba. Kiguu akaona haya ya ajabu, akatazama dari. Dari ilikuwa imepakwa vibaya.

"Baba, hiki kimeanza lini?"

"Sijui, daktari. Nilidhani rangi."

"Rangi?"

Akamweleza geti. Daktari hakucheka, ila pembe ya mdomo ilicheza.

"Kabla ya hapo palikuwa na alama yoyote? Ya kuzaliwa, kidoa, chochote?"

"Daktari, mimi kisigino changu sijawahi kukiona. Nakitembelea tu."

"Nauliza kwa sababu nataka kujua kama kimezuka, au kilikuwepo kikabadilika. Alama iliyotulia miaka yote, sina ugomvi nayo. Naogopa inayokua, inayochanganya rangi, yenye kingo zisizoeleweka, inayotoa damu au maji. Hii yako inafanya yote hayo."

"Unasema ni saratani?"

"Sijasema. Macho yangu hayatoshi, nitakata kipande kiende maabara."

"Mimi nilisikia saratani ya ngozi ni ya watu weupe, jua linawachoma."

"Wao inawapata zaidi, kweli. Kwetu sisi inakuja kwa nadra, lakini ikija inapenda kujificha. Unyayoni, kiganjani, chini ya kucha. Mahali ambapo mtu anasema nimejikwaa, au nimekanyaga rangi." Akavua glavu. "Kuna mtu aliyewahi kuiona miguu yako? Mama nyumbani?"

Kiguu akakaa kitandani miguu ikining'inia. "Yupo mtu," akasema. "Ngoja nimpigie."

Akatoka hadi kwenye korido akichechemea, akasimama karibu na dirisha, simu mkononi, kidole juu ya namba. Hajawahi kuogopa ghorofa kama alivyoiogopa namba ile. Akabonyeza.

"Haloo."

"Ni mimi."

Redio ya dada mtu ilikuwa inasikika kwa nyuma. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mama watoto."

"Basi unaumwa."

"Nataka kukuuliza kitu. Kisigino changu cha kulia, kwa ndani. Ulipokuwa unaniosha, palikuwa na doa?"

"Umekaa kimya muda wote huu," mkewe akasema polepole, "halafu umepiga kuniuliza habari za kisigino."

"Anayeuliza ni daktari."

"Daktari gani?"

"Wa ngozi."

Redio ikakatika. Alikuwa ametoka nje, au ameizima, jambo ambalo katika nyumba ile halikuwa dogo.

"Palikuwa na kidoa," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu aliyeinama akitazama kitu. "Kidogo, kama punje ya ulezi. Rangi ya kahawia, imefifia. Chini kidogo ya lile kovu la bati lililokukata zamani. Nilikuwa nakipitisha kidole makusudi, maana ukiguswa hapo unavuta mguu na kucheka kama mtoto. Kilikuwa laini, kidole hakikisikii mpaka ukione kwa macho. Sasa kikoje?"

Akamwambia. Ukubwa wa kifuniko cha soda, kingo zimechanikachanika, kwingine cheusi kwingine kama bluu, kinatoa maji.

"Na wewe ulikuwa unakifanya nini?"

"Nakisugua. Nilidhani rangi."

"Rangi." Akavuta pumzi. "Mimi nimesugua miguu hiyo ujana wangu wote. Nimekutoa rangi za miji mpaka mingine sijui iko wapi. Sikuwahi kukutana na rangi inayoota."

Kiguu akaegemea dirisha.

"Rudi ndani ukamwambie," mkewe akasema. "Sasa hivi. Usimalize ukuta wowote."

Akarudi, akamwambia daktari neno kwa neno: punje ya ulezi, kahawia, laini. Daktari akaitikia kwa kichwa. "Huyo mama amenisaidia. Kilikuwepo, kikageuka. Lala, baba." Akamchoma sindano ya ganzi, akakata. Kiguu hakusikia maumivu. Alikuwa bado anaisikia ile sauti ikisema *nilikuwa nakipitisha kidole makusudi*. Kumbe lilikuwa kusudi. Miaka yote alidhani ni bahati.

Siku za kungoja majibu alikaa chumbani kwake. Msasa alikuwa anakuja jioni na habari za kazi na kusema uongo kwamba ukumbi unakwenda vizuri. Kiguu alikuwa anaishika simu, anaiweka. Mkewe hakupiga, ila siku moja ulikuja ujumbe: *Bado?* Akajibu: *Bado.* Akausoma huo wake mwenyewe mara nyingi, kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Majibu yalipotoka, daktari alifunga mlango kwanza.

"Ni saratani, baba. Ila sikiliza mpaka mwisho. Haijazama sana, na tezi zako hatujaona tatizo. Tutakata tena, kwa upana zaidi, tuchukue na ngozi ya pajani tuzibe pale. Mguu unabaki. Ungeendelea kungoja, tungekuwa tunazungumza mambo mengine kabisa humu ndani."

"Nitapanda ngazi?"

"Kwanza hutakanyaga chini kwa muda mrefu. Magongo. Kufunga na kufungua bendeji, kuinua mguu, kuhudhuria hapa mara kwa mara, na kila mwezi mtu akuangalie nyayo zote mbili. Hayo hayafanywi na mtu mmoja. Nyumbani una nani?"

"Watu wapo," Kiguu akasema. Alikuwa na jibu hilo tangu zamani, la kuwaridhisha wenye nyumba na makondakta.

Daktari akamtazama. "Nitakuuliza tena siku ya kukupasua, na siku hiyo nitataka kumwona mmoja."

Akatoka mpaka uani, penye benchi la wanaosubiri, akakaa katikati ya watu na viroba vyao. Safari hii hakukaa na kidole juu ya namba.

"Ni yenyewe," akasema mkewe alipopokea. "Lakini wanasema imewahiwa."

Akasikia mkewe akikaa chini kwenye kitu kinacholia, kiti cha zamani pengine.

"Nataka kuja," Kiguu akasema. Hakuwahi kulisema hivyo. Alikuwa anasema *nakuja*, neno linalotoka jepesi kwa sababu halimwombi mtu kitu.

"Unakuja kupona au unakuja kukaa?"

Jibu lile jepesi la zamani lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, tayari kutoka. Akalimeza, akatafuta la kweli.

"Nataka kukaa."

"Kutaka umetaka siku zote. Ndio ugonjwa wako wa kwanza huo, hauna daktari." Lakini hakulisema kwa ukali. "Njoo upone. Mimi na dada tutakufunga hizo bendeji. La kukaa tusiliseme sasa. Mtu asiyeweza kuondoka hawezi kusema amebaki."

"Na nikipona?"

"Ukipona utakuwa na miguu miwili. Hapo ndipo tutaona."

Siku ya kupasuliwa mkewe alikuwepo. Daktari alimwona, akampeleka pembeni, wakazungumza wao wawili kwa muda, Kiguu akiwa kitandani anajaribu kusoma midomo. Hakupata kumwona mkewe vizuri. Alikuwa na miwani sasa, na nywele nyeupe pembeni, kisha wakamsukuma kwenda ndani. Alipozinduka akaambiwa mama ametangulia kuandaa chumba.

Msasa ndiye aliyempeleka walipomruhusu. Alikodi gari dogo, akamlaza kiti cha nyuma mguu juu kama bomba linalopelekwa kufungwa, na njia nzima alimlaumu dereva kwa kila shimo. Walipofika, Kiguu akaujua mlango wa bati kabla haujafunguka. Kumbe ulikuwa wa kijani. Miaka yote kichwani mwake alikuwa ameupaka kijivu.

Dada mtu akafungua. "Hee, shemeji! Kumbe wewe ni mtu kabisa! Mimi nilishaanza kuamini mdogo wangu aliolewa na simu."

"Na mimi nilidhani wewe ni redio," Kiguu akajibu, akachekwa mpaka na dereva.

Mkewe akatoka ndani akifuta mikono. Akatazama magongo, bendeji, halafu uso.

"Karibu," mkewe akasema.

Lilikuwa neno zuri, na lilimchoma. Mtu akirudi kwake hakaribishwi. Anaulizwa mbona amechelewa, anaambiwa asikanyage palipopigwa deki. Karibu ni la mgeni. Akaingia taratibu kwa magongo, akakalishwa kwenye kiti kizuri cha sebuleni, kile cha wageni, mto ukawekwa chini ya mguu, glasi ya maji ikaletwa kwenye sahani. Msasa akala, akaaga, akaenda. Dada mtu akarudi kwenye redio yake.

Kiguu akabaki pale, mguu umeinuliwa mbele yake. Jikoni mkewe alikuwa anazunguka: hatua tatu kwenda, kimya, kifuniko cha sufuria, hatua kurudi, kandambili zikiburuzika kidogo upande wa kushoto, jambo ambalo hakuwahi kulijua. Alikaa anazisikiliza. Alitamani aambiwe apishe njia, akaripiwe amekaa vibaya, aulizwe kitu chochote anachoulizwa mtu wa humo ndani. Jioni ikaingia, mkewe akapita kuwasha taa, akauliza kama maumivu yapo, akamwita "mzee", si "baba watoto", akaenda.

Tangu azaliwe hakuwahi kuomba miguu ipone ili ikae mahali. Sasa aliiomba. Alitamani kisigino kile kifunge upesi, apewe ruhusa ya kukanyaga, asimame kwenye mlango wa kijani huku mabasi yakipiga honi barabarani, apate nafasi ya kutoondoka.